Moyo wa mbuzi uingie darasani mwaka wa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna somo la anatomia na fiziolojia, yaani maumbile ya mwili na utendaji wake, linavyofundishwa mwaka wa kwanza katika vyuo vyetu vya kati vya afya, vile vinavyoandaa wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara. Hili ndilo somo linalobeba mengine yote. Hata hivyo wapo wanafunzi wanaolimaliza, tena kwa alama nzuri, bila kushika kiungo hata kimoja. Wanakariri mifupa 206, wanachora moyo wenye nusu ya bluu na nusu nyekundu, wanameza madesa, wanafaulu. Kisha wanapelekwa wodini.

Utetezi unaosikika siku zote ni gharama. Chuo hakina maiti, hakina maabara ya maana, na modeli ya plastiki ni moja, inagombaniwa na darasa zima. Tuelewane hapa: kwa somo la utangulizi, maiti si lazima. Inamhusu zaidi anayesomea udaktari chuo kikuu. Mahitaji ya chuo cha kati ni moyo, figo na mapafu ya mbuzi kutoka machinjioni, kipimo cha presha, rula, na miili ya wanafunzi wenyewe. Hivyo vinapatikana popote penye bucha na zahanati.

Nianze na moyo, maana ndiko makosa mengi ya ufahamu yanakoota mizizi.

Wengi hukimbilia moyo wa ng'ombe kwa sababu ni mkubwa. Tatizo ni kwamba mkaguzi wa nyama huuchana akitafuta vifuko vya tegu, kwa hiyo mara nyingi hufika darasani ukiwa umeshapasuliwa. Tena ng'ombe ana kifupa ndani ya moyo, karibu na shina la aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, na bledi (wembe wa kisu cha kupasulia) ikikigonga mwanafunzi hudhani ameharibu kitu. Wa nguruwe ndio unaokaribia zaidi wa binadamu kwa ukubwa, ila madarasa yetu yana Waislamu wengi, na hakuna sababu ya kumweka mtu njia panda kwa jambo lenye mbadala. Wa mbuzi au kondoo mara nyingi hutoka mzima. Mmoja unatosha wanafunzi watano. Darasa la 60 linahitaji mioyo 12.

Agizo kwa mchinjaji liwe mahususi. Mazoea yake ni kukata mishipa mikubwa sawa na nyama, kwa kuwa sehemu ile hailiki, na mishipa ikishaondoka nusu ya somo imeondoka. Aambiwe aache angalau sentimita 4 za aota na za ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya mapafu. Njia ya uhakika zaidi ni kuchukua mapafu, moyo na koo vikiwa vimeshikana, wanafunzi wavitenganishe wenyewe mezani. Humo ndimo wanapoona kwa macho yao kwamba mshipa unaotoka moyoni kwenda kwenye mapafu ni ateri ingawa unabeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha, na kwamba hakuna damu ya bluu mahali popote.

Moyo uoshwe kwa maji ya bomba hadi madonge ya damu yatoke yote. Hatua hii hurukwa kwa haraka, na ndiyo inayoharibu majaribio yote yanayofuata. Donge dogo likinaswa kwenye valvu (kilango kinachozuia damu kurudi nyuma), valvu haifungi, na mwanafunzi anaandika kwamba inavuja.

Kisha swali la kwanza: kushoto ni wapi? Moyo ukilazwa na uso wake wa mbele ukikutazama, kushoto kwake ni kulia kwako. Asiyeamini aubonyeze. Upande wa kulia hubonyea kwa kidole. Upande wa kushoto ni mgumu, na ncha ya chini ya moyo ni mali yake. Mfereji unaoshuka mshazari usoni, wenye mafuta na mshipa ndani yake, unaonyesha ulipo ukuta wa kati unaotenganisha ventrikali mbili, vyumba vya chini vya moyo vinavyosukuma damu. Ni vizuri mwanafunzi azoee mapema kutaja kushoto kwa mgonjwa na si kwake, kwa sababu kosa hilo huanzia kwenye picha za kitabu na huishia kwenye fomu ya mgonjwa.

Kabla ya kisu, maji. Simamisha moyo, shika shina la aota, mimina maji ndani yake taratibu. Maji yanasimama. Ukichungulia kutoka juu utaona vipande vitatu vya valvu vimekutana katikati na kubeba uzito wa maji bila msuli wowote kuvishika. Juu kidogo ya vipande hivyo kuna matundu mawili: hayo ndiyo malango ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Aliyeyaona hapo anaelewa mara moja kwa nini misuli ya upande wa kushoto hupata damu yake nyingi wakati moyo umelegea na si wakati umekaza: ukikaza, unaibana mishipa yake wenyewe iliyomo ndani ya nyama.

Jaribio la pili ni gumu kidogo, nalo ndilo lenye faida zaidi. Kata atriamu ya kushoto (chumba cha juu) uiondoe, ili valvu ya mitrali, iliyo kati yake na ventrikali ya kushoto, ionekane kwa juu, bila kugusa ventrikali. Pitisha mpira mwembamba kupitia aota hadi ndani ya ventrikali, unganisha sirinji ya mililita 50, kisha sukuma maji. Vipande viwili vya valvu vinainuka, vinatuna na kufunga mlango. Hapo mwanafunzi aulizwe: ni nini kimefunga? Wengi wamekariri kwamba zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia valvu ndizo zinazoifungua na kuifunga, kama kamba za pazia. Sivyo. Anayefunga ni mgandamizo wa maji, na katika mwili ni wa damu. Nyuzi, pamoja na vijimisuli vinavyozishika chini, kazi yake ni kuzuia vipande visipinduke kuelekea juu. Kata nyuzi mbili tatu, sukuma maji tena, utaona kipande kimepinduka na maji yanaruka juu. Mwanafunzi aliyeona hilo haelezwi mara mbili maana ya valvu inayovuja, wala kwa nini mgonjwa aliyepatwa na shambulio la moyo, kijimsuli kikafa na kukatika, anaweza kuzidiwa ghafla.

Upasuaji wenyewe una utaratibu wake, na kosa la kawaida ni kuupasua moyo katikati. Ukifanya hivyo umeharibu ukuta wa kati, valvu na ule mkanda wa msuli unaovuka ventrikali ya kulia. Fungua kulia kwanza: kutoka vena kava ya juu (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya juu ya mwili) shuka kupitia atriamu ya kulia, ingia ventrikali ukifuata ukingo wa nje hadi karibu na ncha. Halafu fungua ateri ya mapafu kwa kushuka sambamba na ule mfereji wa usoni, sentimita 1 upande wake wa kulia. Kushoto, anzia kwenye atriamu na ushuke kwenye ukingo wa nje hadi nchani. Mwisho ingiza kidole chini ya kipande cha mbele cha valvu ya mitrali ukielekeza juu: kinatokea kwenye aota. Mkasi butu ni bora kuliko bledi kwa kazi yote hii. Bledi namba 22 kwenye mpini namba 4 itumike kuanzisha mkato tu. Bledi ibanduliwe kwa koleo, kamwe si kwa vidole, na iingie moja kwa moja kwenye kasha la vifaa vyenye ncha kali. Vidole hukatwa wakati wa kubandua pia, si wakati wa kupasua tu.

Sasa rula. Pima unene wa ukuta wa kila ventrikali katikati ya urefu wake, uandike kwa milimita. Wa kushoto utakuwa takriban mara mbili hadi tatu ya wa kulia. Sababu ni shinikizo: ventrikali ya kulia inasukuma damu hadi kwenye mapafu kwa takriban milimita 25 za zebaki (kipimo cha presha), ya kushoto inaizungusha mwili mzima kwa takriban 120.

Hapo hapo linazaliwa kosa lingine. Chumba cha kushoto kinaonekana kidogo, kwa sababu misuli yake minene imekakamaa baada ya mnyama kufa, na mwanafunzi anahitimisha kwamba upande wa kushoto hutoa damu kidogo. Mkufunzi asiliache lipite. Pande zote mbili hutoa kiasi kilekile, takriban mililita 70 kwa kila pigo kwa mtu mzima aliyepumzika. Mapigo 72 kwa dakika ni lita 5 na ushei. Wape hesabu: kama kulia kungetoa mililita 1 tu zaidi ya kushoto kwa kila pigo, baada ya dakika 10 mapafu yangekuwa yamebeba mililita 720 za ziada. Hesabu hiyo moja inaeleza kwa nini mgonjwa ambaye upande wa kushoto wa moyo umechoka anashindwa kulala chali na anahema kama aliyezama majini.

Lazima pia wanafunzi waambiwe waziwazi mahali ambapo mbuzi si mtu. Kwenye upinde wa aota ya mbuzi hutoka shina moja linalogawanyika baadaye. Kwa binadamu hutoka matawi matatu. Mkufunzi asipolisema hilo, darasa litaandika la mbuzi kwenye mtihani wa binadamu, na litakuwa limeonewa.

Figo nayo ina mtego wake, mzuri kwa kufundishia. Figo ya ng'ombe kwa nje ina vipande vingi kama kichane, haifanani kabisa na yetu. Ya mbuzi ni laini na imepinda kama yetu, lakini ukiipasua unakuta ncha za piramidi (sehemu za ndani zenye umbo la pembetatu) zimeungana kuwa ukingo mmoja, ilhali yetu ina piramidi nyingi zinazojitegemea, kila moja ikimwaga mkojo kwenye kikombe chake. Kwa hiyo nunua zote mbili: moja ionyeshe umbo la nje, nyingine ionyeshe piramidi. Ambua kwanza utando mwembamba wa nje. Figo nzima ya afya huuachia kwa urahisi. Pasua kwa urefu kuanzia mgongo wa figo kuelekea kitovu chake, na usitenganishe vipande viwili. Rangi ya tabaka la nje na la ndani hutofautiana wazi ikiwa figo ni mbichi. Ikishagandishwa na kuyeyushwa juani tofauti hiyo hufifia, kwa hiyo iyeyushwe ndani ya friji usiku kucha.

Mbele ya figo hiyo ndipo namba zinapopata uzito. Chujio zote za figo mbili hutoa mililita 125 za maji yaliyochujwa kwa dakika, sawa na lita 180 kwa siku, na mkojo ni lita 1 hadi 2 tu. Mengine yote yamerudishwa kwenye damu. Aliyeelewa hivyo anajua kwamba mkojo mwingi hauthibitishi kuwa figo inachuja vizuri. Unaweza kuwa unatoka kwenye figo iliyoshindwa kurudisha maji.

Mapafu nitayapitia haraka. Yapulizwe kwa pampu ya baiskeli au mfuko wa kumsaidia mgonjwa kupumua, yakitanuka wanafunzi waone yanavyosinyaa yenyewe. Mtu asipulize kwa mdomo hata kwa utani: kuna kifua kikuu, kuna brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Kwa sababu hiyohiyo glavu ni za lazima, na mfuko wa uzazi na kondo la mbuzi visiletwe darasani kabisa.

Kuhusu formalini, dawa ya kuhifadhia viungo, nashauri itumike kidogo iwezekanavyo. Moyo mbichi unafundisha valvu. Uliokaa kwenye formalini umekakamaa na haufungi kitu. Panapohitajika sampuli ya kutunza, changanya sehemu 1 ya formalini ya dukani na sehemu 9 za maji, ujazo usiopungua mara 10 ya kiungo, na moyo ufunguliwe kwanza ili dawa iingie ndani, vinginevyo nje itakaza na katikati itaoza. Ichanganywe nje au penye madirisha wazi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka dawa hii kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 2004, na bado kuna vyumba ambamo wanafunzi hukaa saa nzima macho yakitiririka machozi. Mabaki yote yachomwe au yafukiwe kwenye shimo refu. Hakuna nyama ya somo inayorudi jikoni, na iliyoguswa formalini isipewe mbwa.

Nihamie kwenye presha, kwa sababu hapa chuo hakina kisingizio chochote. Kipimo kipo, mikono ipo. Lakini somo huishia kwenye kuvaa stetoskopu na kusema 120 kwa 80. Lifanywe kama fiziolojia. Anayepimwa aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, haongei. Mkono uwe usawa wa moyo. Papasa mapigo kwenye kifundo cha mkono huku ukijaza mkanda. Yakipotea, ongeza milimita 30 juu ya hapo, kisha teremsha milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Kupapasa kwanza si mapambo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa presha kubwa sauti hupotea katikati na kurudi chini zaidi. Asiyepapasa anaanzia ndani ya ukimya huo na kuandika namba ndogo kuliko ukweli.

Kisha rudieni vibaya kwa makusudi, mkiandika kila namba. Ninginizeni mkono chini: kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza takriban milimita 8 za zebaki, kwa uzito wa damu peke yake. Inueni juu ya kichwa, ipungue. Fungeni mkanda mdogo kwenye mkono mnene, presha itapanda kwa uongo. Mpira wa ndani unatakiwa kuwa na upana wa asilimia 40 ya mzunguko wa mkono na urefu wa asilimia 80. Teremsheni haraka, mtasoma ya juu ikiwa chini mno na ya chini ikiwa juu mno. Angalieni pia daftari: namba zote zikiishia na 0, mtu anakadiria badala ya kusoma, kwa sababu kipimo cha sindano kimegawanywa kwa milimita 2.

Mwisho mtu asimame ghafla, apimwe mara moja na tena baada ya dakika 3. Mapigo yanapanda, presha inashuka kidogo na kurudi, kwa sababu vipokezi vya shingoni na kwenye upinde wa aota vimehisi mabadiliko na kupeleka habari kwenye ubongo. Ikishuka kwa 20 au zaidi kwa namba ya juu, hilo ni tatizo. Onyo moja: anayetafuta mapigo ya shingoni aguse upande mmoja tu. Kubana pande zote mbili kunaweza kumwangusha mtu.

Mwili wa mwanafunzi unafundisha mengine mengi bila senti. Ubavu wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga, kwa hiyo kuhesabu kutoka juu ni kujidanganya. Mtu atafute kigongo kinachojitokeza kwenye mfupa wa kifua, hapo ubavu wa pili unaungana, ndipo aanze kuhesabu. Pigo la ncha ya moyo analipata nafasi ya tano kati ya mbavu, kushoto, kwenye mstari wa katikati ya mtulinga. Na kila sindano inayopita kati ya mbavu ipite juu ya ubavu, kwa sababu mishipa na neva hukaa kwenye mfereji wa ukingo wa chini.

Sindano ya tako ndiyo inayoniuma zaidi. Neva kubwa kuliko zote mwilini inapita pale, na anayechoma chini au kwa ndani anaweza kumwachia mtu mguu unaoburuzika maisha yake yote. Kwa mtoto mchanga ni paja, upande wa mbele na nje, si tako. Mwanafunzi achore robo nne juu ya suruali ya mwenzake kwa chaki, aguse kilele cha nyonga, aonyeshe robo ya juu nje, mkufunzi akiangalia. Ni kazi ya dakika 5 kwa jozi moja.

Yote haya hayatafanyika kama mtihani hautayadai. Mwanafunzi husoma kinachoulizwa. Maadamu maswali ni ya kutaja na kuorodhesha, ataorodhesha. Ndiyo maana naomba NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na wakuu wa vyuo waweke katika kila muhula wa kwanza mtihani wa vituo: vituo 20, dakika moja na nusu kila kimoja, kiungo halisi chenye pini, au mwenzake wa kupimwa presha mbele ya msahihishaji, na alama zake zisifidiwe na za karatasi. Wazazi wanaolipa ada nao waulize, siku ya kujiunga, ni saa ngapi kwa wiki mtoto wao atakuwa mezani na si kwenye benchi.

Wakuu wa vyuo wanaweza kuanza na barua moja kwa mkaguzi wa nyama wa wilaya, kabla muhula haujafunguliwa, inayotaja siku, saa, idadi ya mioyo na figo, na kuomba kwamba mioyo hiyo ikaguliwe kwa jicho na kupapaswa bila kuchanwa pale sheria inapomruhusu, na kwamba mishipa iachwe sentimita 4.

Mkufunzi wa anatomia na fiziolojia,
Morogoro